Kampa, mizabibu na usiku wa jalidi: siku nne Chablis mwezi wa Aprili

Watu wengi ukiwaambia unaenda kwenye mashamba ya mvinyo wanakuuliza mbona usisubiri Septemba, wakati wa mavuno, zabibu zimejaa, watu wamejaa. Sisi tulienda Aprili, majira ya kuchipua ndo yanaanza, mizabibu ukiitazama kwa mbali ni kama vijiti vikavu tu vimepangwa mistari, na nawaambia kabisa nikirudi nitarudi Aprili. Nitaeleza kwa nini. Ila nianze na gari, maana gari ndo limekula hela na ndo lina maneno.

Tulikuwa watatu, mimi, mume wangu na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye pombe hagusi kabisa na hilo mtaona baadaye lilivyotusaidia. Kampa tulikodi siku nne kwenye kampuni moja nje kidogo ya Paris, jina siliweki hapa, tukashika barabara kuu ya A6 kwenda kusini mashariki kama kilomita 180 hivi mpaka Chablis, mji mdogo ulioko wilaya ya Yonne, kule kaskazini kabisa mwa Burgundy, eneo la mvinyo la Ufaransa. Ni van ya mizigo iliyogeuzwa nyumba, urefu mita sita hivi, kimo mita 2.6. Leseni ya kawaida ya gari dogo inatosha, mradi uzito wa juu ulioandikwa kwenye kadi ya gari usivuke tani 3.5. Lakini hicho kimo kina mambo yake mawili ambayo hakuna aliyetuambia wakati wa kukabidhiwa funguo. La kwanza, kwenye mageti ya tozo gari lenye kimo kati ya mita mbili na tatu linaingia daraja la pili, linalipa zaidi ya gari dogo, kwa hiyo ukipiga hesabu ya safari usitumie bei ya gari dogo. La pili, maegesho mengi ya supamaketi yana kile chuma cha mlalo kimening'inizwa pale pa kuingilia kuzuia magari yenye kimo kikubwa, na mara nyingi kiko kwenye mita mbili hivi. Andika kimo cha gari kwenye karatasi, bandika mbele ya dereva. Sisi tuliandika baada ya mume wangu kukanyaga breki za ghafla mpaka sufuria zikatoka kabatini.

Ndani nililipenda sana, nalisema mapema kwa sababu malalamiko yanakuja na sitaki yafunike hili. Kitanda cha nyuma kimelala kwa upana wa gari, mume wangu ni mrefu ikabidi ajikunje kidogo ila godoro lenyewe zuri, meza ya mbele inashushwa na mito inapangwa juu yake inakuwa kitanda cha wifi, viti viwili vya mbele vinazungushwa vinatazama ndani kwa hiyo jioni mnakaa watatu kama sebuleni kabisa. Jiko la gesi pleti mbili, sinki, friji inayotumia betri ya pili ambayo haihusiani na betri ya kuwashia injini, na sola juu ya paa ya kuichaji. Mapazia ya madirisha ni yale ya kukunja yenye karatasi ya kung'aa upande wa nje, yanazuia mwanga na baridi vizuri kuliko nilivyotegemea. Wifi alikuwa na wasiwasi na choo, nadhani kila mtu anakuwa nao. Ni kile cha kaseti, chini yake kuna tangi unalichomoa kwa kimlango cha nje, lina magurudumu, unalivuta kama begi la safari mpaka sehemu maalumu ya kumwagia, unasuuza, unaweka dawa, umemaliza. Dakika tano na glavu. Kinacholeta shida ni watu kusubiri mpaka lijae.

Halafu ule mlango wa pembeni wa kuvuta. Mkikodi kampa hakikisheni mnapaki mlango ukitazama shambani, sio ukutani, maana ule mlango ndo nyumba yenyewe.

Sasa mahali pa kulala. Ufaransa kuna utaratibu unaitwa France Passion, upo tangu miaka ya 1990, ambapo wakulima, wenye mashamba ya mizabibu na watengeneza jibini wanakubali kampa zilale kwao usiku mmoja bure. Unajiunga kwa mwaka, unapata stika na orodha ya wenyeji, na masharti ni machache lakini ni ya heshima. Gari liwe linajitegemea, yaani lina choo chake na tangi lake la maji machafu. Ukifika unamsalimia mwenyeji, ukiondoka unamuaga. Hukai zaidi ya saa 24 mpaka yeye mwenyewe akuongezee. Hulazimishwi kununua kitu. Na usitegemee umeme wala bafu, unapewa ardhi ya kusimama tu na uso wa mtu anayekukaribisha, basi.

Shamba tulilolichagua ni la familia, kilomita chache nje ya mji, na hata hilo silitaji jina kwa sababu ni nyumbani kwa watu na sijawaomba ruhusa. Tulifika saa kumi na moja jioni. Mwenye shamba ni mama wa makamo, viatu vya mvua vimejaa tope jeupe, tukamwamkia bonjour Madame kabla ya neno lingine lolote (kule ukianza na swali bila salamu umeshaharibu), akatupa mkono mmoja mmoja. Mume wangu alikuwa ameshapenda sehemu moja chini kabisa karibu na mto Serein, pana nyasi na miti mizuri. Madame akatikisa kichwa. Akatupeleka juu kidogo kwenye changarawe ubavuni mwa jengo la kutengenezea mvinyo, akasema chini kule usiku ni baridi, halafu akainua macho akatazama mbingu, hamna wingu hata moja, upepo umetulia kabisa, akasema usiku huu mtasikia makelele msiogope. Mimi nikadhani anasema matrekta.

Changarawe yenyewe ilikuwa imeinamia upande mmoja na kampuni haikutupa vile vipande vya plastiki vya kupandishia tairi, kitu ambacho kwenye kampa ni cha lazima kama jeki, maana ukilala kichwa chini miguu juu huamki mzima. Madame akatuletea mbao mbili. Tukapika, tukala, tukawasha hita ya gesi, tukalala.

Mida ya saa nane na nusu usiku nikaamka pua imeganda. Hita imezima. Kwenye kile kibao cha vipimo nje inasomeka nyuzi tatu chini ya sifuri, ndani nyuzi sita, taa nyekundu inawaka. Mume wangu akabonyeza akawasha upya, ikajaribu, ikazima, akawasha tena, ikazima. Akasema gesi imeisha. Nikamwambia haiwezekani, tumekabidhiwa mtungi umejaa jana. Akavaa koti akatoka nje akautikisa na kweli ndani unasikia maji yanacheza, umejaa.

Kumbe shida ni aina ya gesi, na hili nawaomba mlishike hata kama mengine yote mtayasahau. Gesi ya mtungi iko ya butane na ya propane. Zote zinakaa ndani ya mtungi kama maji maji, na inayoenda kwenye jiko au hita ni ule mvuke wa juu. Butane inaacha kugeuka mvuke ikifika karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo baridi ikishuka hapo mtungi unaweza kuwa umejaa mpaka shingoni na jiko halipati kitu. Propane inaendelea kutoa mvuke mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi unakaa kwenye kabati lenye matundu ya hewa, na ni lazima liwe hivyo kwa usalama gesi isije ikajaa ndani ikivuja, maana yake baridi ya nje ndo baridi ya mtungi. Sisi tulipewa butane. Mwezi wa Aprili, kaskazini mwa Burgundy. Kampuni inayoishi kwa kukodisha magari ya kulala ilitakiwa ijue, na hapo ndo nawakata nyota, tena mbili, kwa sababu tungekuwa na mtoto mchanga mle ndani hii ingekuwa habari nyingine kabisa. Na jamani, hita ikizima usiku msije mkawasha jiko kwa ajili ya joto huku madirisha yamefungwa, moshi usioonekana unaua watu wamelala.

Tukiwa tunapangana nani avae nini, wifi akavuta pazia la upande wake. Akasema, "Wifi, njoo uone." Nikafikiri kuna ajali. Nikavuta ule mlango.

Bonde zima lilikuwa linawaka. Mistari na mistari ya mioto midogo, mmoja mmoja, imepangwa katikati ya mizabibu kutoka pale tulipo mpaka chini mtoni na kupanda kilima cha pili, mamia, sijui maelfu, moshi mwembamba umelala juu yake na taa za vichwani za watu zinatembea taratibu katikati. Kwa mbali kitu kinanguruma kama helikopta. Sijawahi kuona kitu kizuri cha namna ile ambacho wakati huohuo unajua kabisa watu wanaokifanya wana hofu.

Tukavaa kila nguo tuliyokuwa nayo tukashuka. Kijana wa Madame alikuwa anapita na pikipiki ya magurudumu manne, akatuuliza kama tunataka kusaidia, hakuwa na muda wa maneno mengi. Kazi yenyewe ni hivi. Kuna ndoo za bati zimejaa nta ya parafini, kila moja ni mshumaa mkubwa wa kuipa mizabibu joto isiungue na baridi, zimeshapangwa tangu mchana, mia tatu na zaidi kwa kila hekta. Unafungua kifuniko, unakiweka pembeni pasipo na njia, mwenzako anawasha, mnasogea. Mimi na wifi tulikuwa wa vifuniko. Mume wangu akapewa moto. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele, watu wanaitana kwa sauti ya chini na kila baada ya muda mtu anasoma kipimajoto kwa sauti na wote wanasikiliza.

Nilijifunza usiku ule mambo ambayo ningekuja Septemba nisingeyaona kamwe. Mzabibu wakati wa baridi kali umelala, unavumilia nyuzi nyingi chini ya sifuri bila tabu. Hatari inaanza ukiamka. Kwanza kichipukizi kinavimba, kinatoa kitu kama sufi ya kahawia, hapo bado kina blanketi lake. Halafu ncha ya kijani inatokeza, ni maji matupu, laini kama mchicha uliochumwa sasa hivi, na kikishafika hapo nyuzi mbili au tatu chini ya sifuri kwa saa chache zinatosha kukiua. Na zabibu za mwaka mzima ziko mle ndani ya kichipukizi. Mzabibu wenyewe haufi, utatoa machipukizi ya akiba, ila hayo yanazaa kidogo sana. Usiku wenye mawingu ardhi inabaki na joto lake, usiku mweupe usio na upepo joto lote linapanda juu na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremka na kujikusanya mabondeni kama maji. Ndo maana Madame alitukatalia pale chini mtoni. Pale chini ndo palikuwa pabaya kuliko pote, na pale chini ndo ana mistari yake ya Chablis ya kawaida, ile inayolipa mishahara.

Ile ngurumo ya helikopta ni feni kubwa juu ya mlingoti, inavuta hewa yenye joto iliyoelea juu na kuirudisha chini. Na ng'ambo ya bonde kuna waliokuwa wanamwagia mizabibu maji, nikashangaa, maji kwenye baridi ile! Kijana akaeleza huku anatembea: maji yakiganda yanatoa joto, kidogo, lakini yanatoa, na ukiendelea kumwagia bila kukatisha kichipukizi kinabaki ndani ya ganda la barafu kwenye nyuzi sifuri hivi wakati hewa ya nje iko chini zaidi. Sharti ni usisimamishe mpaka jua liyeyushe barafu yenyewe, ukikatisha katikati umekiua mwenyewe.

Jua lilipotoka saa moja kasoro hivi, kilima cha ng'ambo kilikuwa kimevaa vioo. Tukarudi kila ndoo tukaifunika moto uzime, nta iliyobaki itumike usiku mwingine, maana mishumaa ile ni ghali na msimu bado mrefu, kule wanahesabu hatari mpaka siku wanazoziita Watakatifu wa Barafu, tarehe 11, 12 na 13 Mei, ndo wanapumua. Madame akatuita ndani jikoni kwake, kahawa ndani ya mabakuli, mkate, siagi, na gougères, yale maandazi madogo ya jibini ya Burgundy, za moto kabisa. Jiko letu lingetupa nini asubuhi ile! Akasema hiyo saa 24 isahauni, kaeni mpaka mtakapotaka kuondoka. Halafu akasinzia pale pale kwenye kiti na viatu vyake.

Mchana tukaenda kituo cha mafuta tukabadilisha mtungi, tukachukua propane. Usiku wa pili hita ilifanya kazi mpaka asubuhi bila kukohoa, kwa hiyo hita yenyewe haina kosa.

Kuonja mvinyo tulionja jioni ya siku hiyo ya pili, na huduma yao hapo naipa alama zote. Hamna ile ya kusimamishwa kwenye kaunta na kupewa vidole vitatu vya kila kitu huku mtu anatazama saa. Septemba Madame asingekuwa na nafasi hata ya kutusalimia, Aprili alikaa na sisi saa mbili nzima. Alianza na mawe. Akamwekea wifi mkononi kipande cha udongo mgumu wa kijivu, umejaa vigamba vidogo vyenye umbo la koma, ni chaza wadogo sana, Exogyra virgula, wa zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita wakati pale pote palikuwa bahari. Udongo huo wanauita Kimmeridgian, kutokana na kijiji cha Kimmeridge kule pwani ya kusini ya Uingereza ambako mawe ya umri huo yanaonekana. Vile viwanja vya hadhi ya juu kabisa, vinaitwa Grand Cru, viko saba tu, vyote kwenye kilima kimoja ng'ambo ya Serein kinachotazama kusini magharibi: Blanchot, Les Clos, Valmur, Grenouilles, Vaudésir, Preuses na Bougros. Wifi aliyarudia majina yote saba kwa matamshi mazuri kuliko sisi, Madame akafurahi akampa lile jiwe aondoke nalo.

Zabibu ni ya aina moja tu, Chardonnay, kwa hiyo unachoonja tofauti ni kilima na mwaka. Petit Chablis, ile ya daraja la chini, ni limau, inaingia na kupita. Chablis ya kawaida ina tofaa la kijani na kitu fulani cha chumvi mwishoni, kama umelamba mdomo baada ya kuogelea baharini, sijui kuieleza vizuri zaidi ya hapo. Kazi kubwa wanafanya kwenye matangi ya chuma ili mbao zisifunike ladha, ila chini kwenye sela, ghala lao la mvinyo chini ya ardhi, bado wana mapipa machache ya mtindo wa zamani wa pale, feuillette, ya lita 132, madogo ukilinganisha na mapipa ya sehemu nyingine. Kulikuwa na kopo la kutemea na mume wangu alilitumia, hakuna anayekushangaa, wenyewe wanatema. Sheria ya Ufaransa ni nusu gramu ya pombe kwa lita moja ya damu, na kwa dereva mwenye leseni mpya ni gramu 0.2, hiyo haivumilii hata glasi moja. Sisi hatukuwa na mashaka kwa sababu asubuhi iliyofuata wifi ndo alikuwa dereva, na tangu jana yake alishakunywa maji ya Madame lita nzima.

Mwisho akaenda nyuma akarudi na chupa moja haina hata lebo. 2021. Kama hamkumbuki, Aprili ya 2021 jalidi, ile baridi ya kugandisha, iliipiga karibu Ufaransa yote ya mizabibu, kutoka Bordeaux mpaka Rhône mpaka huku, usiku baada ya usiku, wakati machipukizi yalishatangulia kutoka kwa sababu ya joto la Machi. Akasema mwaka ule waliwasha kila walichokuwa nacho, na bado. Zimebaki chupa chache, haziuzwi. Akatumiminia kidogo kidogo. Ilikuwa kali, nyembamba, imenyooka, ndimu na jiwe lililolowa, na mimi baada ya usiku ule wa vifuniko sikuweza kuitema.

Siku ya tatu tulizunguka. Abasia ya Pontigny ni karibu, ya watawa wa Cistercian, ilianzishwa 1114, kanisa jeupe refu halina mapambo na ukinong'ona linakujibu, watawa hao ndo walioshughulika na mizabibu ya Chablis enzi hizo. Noyers ni kijiji kizuri, njia zake nyembamba, paki nje utembee, usithubutu kuingiza kampa. Usiku tulilala kambi moja yenye umeme na bafu la maji ya moto, hamna la kusimulia zaidi ya hilo bafu.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili, tukapita soko la asubuhi la Chablis tukachukua mkate na jibini la Chaource, halafu tukarudi kwa Madame kuchukua maboksi yetu. Tulinunua manne, na hapa neno kwa wenye kampa: boksi la chupa sita lina kilo nane hivi, ukijumlisha maji ya tangi, watu na mizigo ile tani 3.5 inakaribia haraka kuliko mnavyodhani, mwageni maji msiyoyahitaji kabla ya kupakia, na chupa zilale chini sakafuni katikati ya magurudumu, sio kwenye makabati ya juu. Madame alikuwa shambani, kule chini mtoni, na kisu kidogo. Tukamfuata. Alikuwa anachuma kichipukizi, anakipasua katikati, anatazama. Kijani ndani, kizima. Kahawia, kimekufa. Akampa wifi kisu apasue kumi kwenye mstari wa mwisho kabisa, ule tuliouwasha sisi. Wifi akapasua kimoja kimoja anavipanga kiganjani. Saba kijani, vitatu kahawia. Madame akavihesabu tena yeye mwenyewe kwa kidole, akasema mistari ya juu ni mizima yote, akamfunga wifi vidole akivikunja juu ya vile vichipukizi, akatushika mabega.

Kampuni ya kampa niliwaandikia kila kitu na picha ya mtungi. Walijibu siku ya tatu, hela ya propane wamerudisha, hela ya ule usiku wamekataa kwa maelezo kwamba majira ya baridi yalishaisha kwenye kalenda yao na mitungi ya propane wanaweka Novemba mpaka Machi. Jibu la adabu lakini si jibu, kipimajoto hakisomi kalenda. Gari safi, kitanda, jiko, sola, mapazia, vyote vizuri, nyota tatu. Kwa Madame sina nyota za kutosha. Mwaka kesho tumeshamwandikia, wiki ya pili ya Aprili, amejibu kwa mistari miwili, kwamba ile sehemu ya changarawe ni yetu na tuje na buti.